Tafsiri Mzigo, Si Tandiko: Somo la Nahau kwa Sisi wa Isiolo

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo la lugha, nami nimechagua nahau. Najua wengine wenu mtaguna: "Aa, nahau tena! Si tulimalizana nazo shule ya msingi?" Ngojeni kwanza. Shule ya msingi tulikariri tu. Tuliandikiwa orodha ubaoni, tukaimba kwa sauti moja, kengele ikalia, tukatoka mbio. Leo nataka tujibu swali ambalo orodha haikulijibu: inakuwaje mtu ajue kila neno lililomo ndani ya sentensi, na bado sentensi yenyewe impite?

Nasema "sisi wa Isiolo" kwa sababu. Mji wetu ni wa lugha nyingi. Kuna Kiborana, ambacho Wasakuye na Wagabra pia hukizungumza. Kuna Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni, stejini na darasani, lakini wachache kati yetu walikinyonya kwa mama. Wengi tulikikuta tukiwa tayari tuna lugha nyingine mdomoni. Kisha kikaja Kiingereza. Wale waliopitia madrasa wakaongeza Kiarabu. Kwa hivyo mwanafunzi wa hapa hubeba lugha tatu au nne kichwani, na kila siku anahamisha maana kutoka hii hadi ile. Nahau nyingi huanguka njiani wakati huo wa kuhamisha.

Tena jambo hili si la mtihani peke yake. Ni kweli kwamba Kiswahili kimekuwa somo la lazima tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, na tangu KCSE ya kwanza mwaka wa 1989 nahau hazijatuacha. Lakini fikiria nyumbani. Nani humsomea baba barua ya chifu? Nani humsindikiza nyanya hospitalini na kumweleza alichosema daktari? Ni mimi na wewe. Sisi ndio wakalimani wa familia zetu, tupende tusipende. Mkalimani akikosea nahau, anayeumia ni yule mzee aliyemwamini.

1. NAHAU NI NINI?

Tunafundishwa kwamba nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake si ile ya kawaida ya maneno hayo. Chukua "kata tamaa". Kukata unakujua. Tamaa unaijua, tena wengine mnayo nyingi! Lakini mtu aliyekata tamaa hakushika kisu, na hakuna kilichoanguka vipande viwili. Ameacha kutumaini, basi.

Mimi huifananisha nahau na ngamia aliyepakiwa. Kuna mzigo na kuna tandiko. Mzigo ndio maana, ndicho kitu unachotaka kifike. Tandiko ni yale maneno yaliyoubeba. Ukifika kwa watu wengine huwapelekei tandiko, unawapelekea mzigo. Wao wana ngamia wao na matandiko yao. Ukilikumbuka hilo umekwisha kushika nusu ya somo hili.

2. KILA LUGHA HUMPA KITENZI MWENZIWE

Wanafunzi wengi hulalamika kwamba Kiingereza ni lugha ya vituko. Wanasema: "look" ni kutazama, sawa. Mbona "look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, na "look down on" ni kudharau? Mbona "put on" ni kuvaa, "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, na "put up with" ni kuvumilia? Kineno kidogo kinakuja nyuma ya kitenzi kama mkia, na mkia huo unamgeuza mnyama mzima!

Lakini hebu tujitazame wenyewe kabla ya kumcheka Mwingereza.

Mborana akitaka unyamaze husema "cal jedhi". Neno "jedhi" ni "sema". Kwa hiyo anakuamuru useme kimya! Akitaka uinuke atasema "ol ka'i", na "ol" ni juu. Akitaka uketi atasema "gad taa'i", na "gad" ni chini. Umeona? Kiborana nacho kina vineno vya juu na chini vinavyotembea na kitenzi, ila vinatangulia mbele badala ya kufuata nyuma.

Msomali naye anavyo. "Gal" ni ingia. "Soo gal" ni ingia huku niliko, yaani karibu ndani. "Tag" ni nenda. "Ka tag" ni kuacha mahali au mtu na kwenda zako, na "la tag" ni kuondoka na kitu, yaani kukichukua. Kitenzi ni kilekile, mwenziwe ndiye aliyebadilika.

Kiturkana huongeza mkia kwenye kitenzi kuonyesha kama tendo linamjia msemaji au linakwenda mbali naye. Kimeru, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, hubadilisha mwisho wa kitenzi: "ruga" ni pika, "rugira" ni pikia.

Na mliosoma Kiarabu madrasa mnajua kioja cha kitenzi "raghiba". Ukisema "raghiba fi" umesema mtu amekitaka kitu. Ukisema "raghiba an" umesema amekikataa na kukipa kisogo. Kutaka na kukataa, kitenzi kimoja! Kilichogeuza ni kineno kinachofuata.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Isiolo asiogope. Mchezo huu anaucheza tangu utotoni bila kuambiwa jina lake. Kazi yake ni kujua kila lugha imemweka wapi mwenzi wa kitenzi. Kiingereza humweka nyuma, peke yake. Kisomali humweka mbele. Kiborana huweza kumweka mbele au kuazima kitenzi "jedhi". Na Kiswahili? Kiswahili kina njia mbili: humpa kitenzi nomino ya kuandamana nayo, kama katika "piga hodi", au humficha mwenzi huyo ndani ya tumbo la kitenzi chenyewe. Njia zote mbili tutaziona sasa hivi.

3. MOYO UNAOVUNJIKA NA MOYO UNAOUMA

Nitawapa mfano mmoja nilioushuhudia. Nilimsindikiza akko yangu, yaani nyanya yangu, kupimwa presha. Moyo wake una shida, na yeye Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, maziwa, mbuzi. Muuguzi, mama mwenye upole sana, alimpima, akamshika mkono na kumwambia, "Nyanya, usivunjike moyo. Ukimeza dawa hizi kila siku presha itashuka."

Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu, kwa nia njema kabisa, akadakia na kumtafsiria neno kwa neno: angalia moyo wako usije ukavunjika. Jamani! Mwambie hivyo mtu aliyekuja hospitalini kwa ugonjwa wa moyo! Akko alijishika kifua, macho yakamtoka. Akauliza kama wameona ufa. Ilinibidi nimpigie magoti nimweleze kwamba muuguzi hakusema lolote juu ya ule moyo unaodunda. Nilimwambia kwa Kiborana "abdii hin kutatin". Hapo akashusha pumzi.

Sasa yatazame maneno hayo ya Kiborana. "Abdii" ni tumaini. "Kutachuu" ni kukata. Mborana, kama Mswahili, hukata tumaini! Yaani "kata tamaa" ya Kiswahili ina pacha wake kabisa katika Kiborana. Hata ngamia mmoja, hata tandiko moja. Lakini "vunjika moyo" haikufika kwa akko kwa tandiko lake, ilibidi mzigo uhamishiwe kwenye tandiko jingine.

Kwa Msomali mambo ni mengine. Yeye husema "niyad jab". "Jab" ni kuvunjika. "Niyad" ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndilo hilohilo lililotupa "nia" katika Kiswahili. Kwa hiyo Mswahili huvunjika moyo, Msomali huvunjika nia, Mborana hukata tumaini, na Mwingereza husema "give up", yaani ukiitafsiri kwa ujinga, "toa juu". Hao wanne wamesema jambo moja. Angekuwapo mkalimani wa kutafsiri neno kwa neno, wangeachana wakidhani kila mmoja ana ugonjwa wake.

4. NAHAU ZA BAHARINI KATIKA NCHI KAVU

Kuna shida nyingine inayotupata sisi kuliko mwanafunzi wa Lamu au Mombasa. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928. Nahau zake nyingi zilizaliwa mbele ya bahari, kwenye minazi na majahazi. Sisi bahari iko mbali. Hata mto wetu wa Ewaso Nyiro hauifikii, huishia katika kinamasi cha Lorian. Basi tusilaumiwe, ila tujifunze asili ya picha hizi.

"Kwenda mrama": mrama ni kuyumba kwa chombo majini. Mambo yakienda mrama yameharibika, hayaendi sawa.

"Kung'oa nanga": chombo kikitaka kuondoka huvuta nanga juu. Mashindano yakianza, au safari ikianza, husemwa imeng'oa nanga. Kwa hivyo hata basi la Moyale linaweza kung'oa nanga hapa stejini, ingawa halina nanga wala maji!

"Kufua dafu": dafu ni nazi changa, na kulifua ni kuliondoa makumbi yake. Kazi hiyo inahitaji nguvu na ujuzi. Hivyo "hakufua dafu" ni kusema alishindwa, hakufaulu. Hutumika zaidi katika kukanusha: "Timu yao haikufua dafu mbele yetu."

"Kula chumvi nyingi": kuishi miaka mingi. Hii nadhani haihitaji bahari. Kila mzee wa hapa ameilamba chumvi pamoja na ng'ombe wake.

5. VITENZI VITATU VYENYE WENZI WENGI

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza aliyoisimamia Frederick Johnson, iliyotoka mwaka wa 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka mwaka wa 1981, zote zina nafasi kubwa kwa kitenzi "piga". Ukifungua hapo utashangaa. Kiswahili hupiga kila kitu, na mara nyingi hakuna anayeumia.

PIGA
Piga hodi: omba ruhusa ya kuingia.
Piga pasi: nyoosha nguo kwa pasi.
Piga kura: chagua kiongozi. "Kura" ni neno la asili ya Kiarabu.
Piga marufuku: kataza kabisa.
Piga moyo konde: jipe ujasiri. Konde ni ngumi.
Piga chuku: tia chumvi katika maneno, sema kupita kiasi.
Mfano: Ingawa maji ya mto yalikuwa yamejaa, mchungaji alipiga moyo konde akavuka.

KATA
Kata tamaa: acha kutumaini.
Kata shauri: amua.
Kata rufaa: peleka kesi mahakama ya juu zaidi.
Kata kiu: maliza kiu kwa kunywa.
Kata roho: kufa.
Kata kauli: hii ina maana mbili, nayo ni ya hatari. Ya kwanza ni kuamua. Ya pili ni kushindwa kusema kwa ajili ya ugonjwa mkali, mgonjwa akiwa karibu kufa.
Mfano: Wazee walikutana chini ya mti wakakata kauli kwamba mifugo ihamishwe. Hapo ni uamuzi.
Mfano: Tulimkuta mgonjwa amekwisha kata kauli. Hapo msisherehekee uamuzi wowote. Mwiteni daktari mbio!

KULA
Kula kiapo: apa.
Kula njama: panga jambo baya kwa siri.
Kula hasara: pata hasara.
Mfano: Wakati wa kiangazi, wafugaji wengi hula hasara kwa sababu bei ya ng'ombe hushuka.

Angalia sana neno linaloandamana na kitenzi. Huwezi kulibadilisha ovyo. Mtu hukata tamaa, havunji tamaa. Huvunjika moyo, hakatiki moyo. Nahau ni kama ndoa iliyokwisha kufungwa, usimwoze mmoja wao mara ya pili.

6. MKIA ULIO NDANI YA TUMBO

Sasa njia ya pili ya Kiswahili: mnyambuliko. Wengi huuona mnyambuliko kama hesabu za kuchosha: kauli ya kutendea, kutendana, kutendesha, hadi usingizi unakuja. Lakini kazi yake ni ileile ya "up" na "off" za Kiingereza. Tuanze na jambo tunalolijua sisi wenye mifugo.

Unahama Garba Tulla kwa sababu ya ukame. Unahamia Merti kwa sababu kuna majani. "Hama" ni kutoka, "hamia" ni kwenda kukaa. Msomali angesema "ka guur" kwa la kwanza na "u guur" kwa la pili. Mwingereza angesema "move out" na "move to". Lugha tatu, mizigo miwili ileile. Kisomali kimeweka kineno mbele, Kiingereza kimeweka nyuma, na Kiswahili kimetia irabu moja tu, "i", ndani ya kitenzi. Ukiidondosha hiyo "i" umewapoteza watu na mifugo yao.

Mfano mwingine ni "tuma" na "tumia". Tumia ina maana mbili: kumpelekea mtu kitu, na kufanyia kitu kazi mpaka pengine kikaisha. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka wa 2007, kila nyumba inalijua neno hili. Sasa linganisha:

(a) Nimemtumia mama pesa.
(b) Nimetumia pesa za mama.

Katika (a) wewe ni mtoto mwema, utaombewa dua. Katika (b) jitayarishe kwa fimbo! Katika sentensi ya kwanza kiambishi "-m-" kinaonyesha kwamba mama ndiye anayepokea. Usikimeze unapozungumza.

Na hapa pana mtego. Mara nyingine kitenzi kilichonyambuliwa hujitenga na mzazi wake, kikawa na maana yake chenyewe. "Ona" ni kutazama na kutambua kwa macho. Lakini "onea" hutumika kwa maana ya kudhulumu: "Usinionee kwa sababu mimi ni mdogo." "Enda" ni kutoka mahali hadi mahali, lakini "endelea" ni kuzidi mbele au kutokoma. "Pata" unaijua, lakini "patana" ni kuafikiana, na "patanisha" ni kuwaleta wagombanao pamoja. Maneno hayo mawili ya mwisho ni muhimu sana kwetu. Kila palipotokea ugomvi wa malisho au wa maji, wazee wa pande zote hukaa kutafuta kupatana. Aliyeko katikati yao akitafsiri ndiye anayehitaji kuijua lugha kuliko wote.

7. MATANDIKO YA KIINGEREZA YALIYOLETWA BILA MZIGO

Nimekuwa nikisoma insha za wenzangu wanaponiomba niwasahihishie kabla ya kuzipeleka kwa mwalimu. Haya ndiyo makosa yanayojirudia. Sitaji jina la mtu!

"Mkutano ulichukua mahali uwanjani." Hii ni "take place" iliyovaa kanzu. Sema: Mkutano ulifanyika uwanjani.

"Wazazi hucheza jukumu kubwa." Jukumu halichezwi, si kandanda. Sema: Wazazi wana jukumu kubwa, au wazazi huchangia sana.

"Alichoma mafuta ya usiku wa manane." Msomaji atadhani nyumba imeshika moto. Sema: Alikesha akisoma.

"Kulinyesha paka na mbwa." Wallahi, hata hapa Isiolo ambapo mvua ni adimu hatujawa na shida kiasi hicho. Sema: Mvua ilinyesha ndi ndi ndi.

"Mwisho wa siku, haki ilishinda." Haya maneno yameenea sana redioni, lakini siku haikuwa na kesi. Sema: Hatimaye, au mwishowe, haki ilishinda.

Kuna pia nahau zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Hizi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu humdanganya hata mwerevu. Mwingereza asiyesema jambo waziwazi huambiwa anapigapiga pembezoni mwa kichaka. Basi mwanafunzi akasoma "kuzunguka mbuyu" katika kitabu, akaona kichaka na mbuyu ni mti na mti, akafurahi akaandika: "Mwalimu mkuu hakuzunguka mbuyu, alisema ukweli." Kumbe katika kamusi, kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa! Alitaka kumsifu, akaishia kusema mwalimu hakuhonga mtu siku hiyo.

Tena, Mwingereza akitoboa siri husemwa amemwaga maharagwe. Mswahili naye humwaga, lakini humwaga mtama. "Amemwaga mtama" ni ametoa siri hadharani. Ukisema "amemwaga unga" umesema amepoteza kazi. Mtama, maharagwe na unga: vyote ni vya jikoni, lakini chunga unachomwaga!

8. TUFANYEJE BASI?

Mimi nafuata njia nne, na wenzangu wawili katika chama wameziiga.

Kwanza, nikikutana na fungu la maneno ambalo naelewa kila neno lake lakini jumla yake haina maana, sibahatishi. Najua hapo pana nahau. Natazama kamusi, na ninaanza kwenye kitenzi. Nisipoipata hapo, natazama kwenye nomino inayokiandama.

Pili, najiuliza: nani anamwambia nani, na wapi? "Amekata kauli" barazani si "amekata kauli" kitandani. Mahali husaidia kuliko kukariri.

Tatu, ninapotafsiri, kwanza naisema maana kwa maneno ya kawaida kabisa. "Usivunjike moyo" nageuza kuwa "usiache kutumaini". Kisha ndipo natafuta kama lugha ninayoiendea ina nahau yake. Ikiwa ipo, naitumia. Ikiwa haipo, au sina hakika, nabaki na yale maneno ya kawaida. Hakuna nyanya aliyewahi kuumizwa na maneno ya kawaida.

Nne, nina daftari lenye safu nne: nahau ya Kiswahili, maana yake, ya Kiingereza, na ya nyumbani. Safu ya nne ndiyo ngumu kujaza, na ndiyo yenye faida kubwa. Huwezi kuijaza ukiwa bwenini. Inabidi ukae na wazee wakati wa likizo, usikilize. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, imesema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ikasema pia kwamba lugha mbalimbali za wananchi zilindwe na kuendelezwa. Daftari la safu nne linatimiza yote mawili kwa bei ya daftari moja.

Neno moja kwa watahiniwa. Msijaze nahau katika insha kama shanga shingoni mwa bi harusi. Nahau moja iliyokaa mahali pake hushinda kumi zilizosukumwa. Msahihishaji naye ni binadamu, huchoka.

9. JARIBU MWENYEWE

(i) Andika kwa Kiswahili bila kuleta tandiko la Kiingereza: "The nurse looked after my grandmother."
(ii) Fanya vivyo hivyo: "We put off the match because of the rain."
(iii) Eleza tofauti: "Wamehama Kinna" na "Wamehamia Kinna".
(iv) Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za "kata kauli".
(v) Tafuta nahau moja ya lugha ya nyumbani kwenu yenye neno "moyo", "ini" au "tumbo". Andika maana yake, kisha utafute mwenziwe katika Kiswahili.

Majibu: (i) Muuguzi alimtunza nyanya yangu. (ii) Tuliahirisha mechi kwa sababu ya mvua. (iii) La kwanza, wametoka Kinna. La pili, wamekwenda kukaa Kinna. (iv) Tazama sehemu ya 5, lakini usininakili. (v) Jibu hilo mimi sina, liko kwa wazee wenu. Leteni katika mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao. Tutaziandika zote, Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, ili mwanafunzi mgeni akute mahali pa kuanzia.